LIGI YA MTAA: KUANZA NI RAHISI, KUIMALIZA NDIYO KAZI

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya tarawehe. Tumeyaandika kama yalivyosemwa. Pale msemaji alipochora ubaoni tumeeleza kwa maneno.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Alhamdulillah tumekutana tena. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, nimeambiwa nisiwaweke sana kwa sababu kuna watu kesho wana kazi, na daku haimngojei mtu. Basi nitakwenda moja kwa moja kwenye maneno.

Vijana wenu wamekusudia, Mwenyezi Mungu akipenda, kuanzisha ligi ya mpira ya watu wazima hapa mtaani. Si ligi ya kutafuta vipaji, wala si ya kumpeleka mtu Ulaya. Ni ligi ya fundi wa magari, dereva wa tuktuk, mwalimu wa madrasa, karani wa bandarini na mwenye duka la reja reja. Mtu wa miaka 25, mtu wa miaka 35, na wengine wenzangu ambao kitambi hutangulia wao wakafuata. (Kicheko.) Mwacheka, lakini hawa ndio watu ambao jioni zao hazina pa kwenda. Mtoto ana shule yake na timu yake. Mzee ana baraza yake. Yule wa katikati akitoka kazini ana kiti cha plastiki, simu mkononi, na mazungumzo yale yale ya jana.

Mpira kwetu Pwani si jambo la kuiga. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza 1963, na mwaka wa 1965 ubingwa ulikuja Mombasa, ukachukuliwa na Feisal. Wazee walioko hapa wanajua. Kwa hivyo kupenda mpira hatufundishwi. Kinachotushinda sisi ni kuupanga.

KWA NINI LIGI HUVUNJIKA

Hebu tuambiane ukweli. Ni ligi ngapi za mtaa mmeziona zikianza kwa zumari na ngoma, jezi mpya, mgeni wa heshima akapiga mpira wa kwanza, kisha wiki ya tano hakuna mtu uwanjani? Ngoma ivumayo haidumu. Na ligi ikivunjika haivunjiki peke yake. Pesa za watu zimekwenda. Timu mbili hazisalimiani, na ukitazama vizuri wamo mashemeji humo ndani, wamo watu wanaoswali safu moja. Mwenye uwanja anasema nyinyi siwapi tena. Mwaka wa pili ukisema "ligi" watu wakutazama hivi, kama mtu aliyekuja kukopa.

Kwa hivyo kinachotakikana usiku wa leo si shauku. Shauku mnayo, naiona. Kinachotakikana ni karatasi na kalamu.

Mwajua ligi ya kwanza duniani ilizaliwa kwa sababu gani? Huko Uingereza, mwaka wa 1888, kulikuwa na muuza nguo mmoja jina lake William McGregor, kiongozi wa klabu ya Aston Villa. Tatizo lake lilikuwa lile lile letu: mechi zapangwa, watu waja kutazama, timu pinzani haiji. Akaziandikia barua klabu wenzake, kwamba tukutane klabu 10 au 12 zenye nguvu, kila mmoja acheze na mwenziwe nyumbani na ugenini kila msimu, na tarehe tuziandike mapema. Zikapatikana klabu 12, wakaanza kucheza mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Mwaona? Ligi asili yake ni ahadi. Maana yake ni kwamba siku fulani, saa fulani, nitakuwepo. Kombe lilikuja nyuma.

Na hao pia walikuwa na mapungufu. Walianza kucheza kabla hawajakubaliana pointi zitahesabiwa vipi; wakaja kuamua msimu ukiwa umekwenda miezi miwili na kitu. Wao walisalimika. Sisi tukifanya hivyo hapa, patakuwa na kesi kwa chifu.

HESABU YA MECHI

Jambo la kwanza kabisa: timu ngapi? Msijibu kwa hisia, jibuni kwa hesabu. Ikiwa kila timu yacheza na kila timu mara moja, chukua idadi ya timu, zidisha kwa idadi hiyo ukitoa moja, kisha gawanya kwa mbili. Timu 8: nane mara saba ni 56, nusu yake ni mechi 28. Timu 10 ni mechi 45. Timu 12 ni mechi 66. Mmeona inavyopanda? Umeongeza timu nne tu, na kazi imekuwa zaidi ya maradufu. Na mkitaka mikondo miwili, kila hesabu hiyo izidishe kwa mbili tena.

Sisi tuna uwanja mmoja. Jumamosi mechi moja asubuhi na moja jioni, Jumapili vivyo hivyo. Hizo ni mechi nne kwa wiki. Kwa timu 8, raundi moja ni mechi nne, na raundi ni saba. Kwa hivyo wiki saba mkondo umekwisha. Ongezeni wiki mbili za akiba kwa ajili ya mvua, mazishi na harusi, maana katika mtaa wetu haya hayakosi. Jumla wiki tisa. Ushauri wangu ni huo: timu 8, mkondo mmoja, wiki tisa. Mkiimaliza salama, mwaka wa pili fanyeni mikondo miwili. Mwenye kutaka timu 16 msimu wa kwanza anataka sifa, hataki ligi.

Kupanga nani acheze na nani si uchawi. (Hapa msemaji alichora ubaoni.) Zipe timu nambari 1 mpaka 8. Andika juu 1, 2, 3, 4. Chini yake andika 8, 7, 6, 5. Aliye juu acheza na aliye chini yake: 1 na 8, 2 na 7, 3 na 6, 4 na 5. Hiyo ni raundi ya kwanza. Raundi ya pili, nambari 1 abaki palepale, wengine wote wasogee nafasi moja kwa kuzunguka kama mshale wa saa. Juu utapata 1, 8, 2, 3. Chini 7, 6, 5, 4. Basi 1 na 7, 8 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Endelea hivyo mara saba, na hakuna atakayekutana na mwenziwe mara mbili. Timu zikiwa 7, ile nambari ya nane iite "mapumziko". Atakayeangukia hapo apumzika wiki hiyo.

Ratiba ikishatoka, ibandikeni pale kila mtu apitapo, na muitume kwa simu. Tena msiibadilishe kwa sababu kapteni fulani ana safari. Ukimbadilishia mmoja, kesho wamekuja watatu.

SAA NA MSIMU

Nimesikia mwataka kuanza wiki moja baada ya Idi. Hapa naomba mnisikilize.

Mwezi wetu hufuata mwandamo, kila mwaka huja mapema zaidi kwa kama siku 10 au 11. Miaka hii Ramadhan imeangukia mwanzoni mwa mwaka. Maana yake Idi ikipita, masika yabisha hodi. Aprili na Mei hapa Pwani mwazijua. Uwanja wetu ni wa udongo. Mvua ya siku mbili tu yaugeuza kuwa bwawa la bata. Mtacheza wiki mbili, mtaahirisha tatu, na hapo ndipo watu huanza kutawanyika. Maoni yangu: miezi hiyo ya mvua iwe ya matayarisho. Sajilini timu, kusanyeni pesa, tafuteni waamuzi, andikeni kanuni. Mechi ya kwanza iwe Juni. Upepo wa kusi unavuma, jua limepoa, na kabla Agosti haijafika mbali mmemaliza.

Sasa saa. Jioni tunayo nafasi baina ya Alasiri na Magharibi, na nafasi hiyo ni ndogo kuliko watu wadhaniavyo. Tukianza saa kumi na nusu na tukicheza dakika 45 mara mbili na mapumziko ya 15, twamaliza saa kumi na mbili na robo, bila ya kuhesabu dakika za nyongeza wala kuchelewa. Mwezi wa Februari waweza kubahatika, lakini Novemba hapa Mombasa jua hutua mapema, tofauti yake ni karibu nusu saa. Hapo mchezo bado na adhana imeshaingia. Mmoja ataka kwenda kuswali, mwingine yuko nyuma bao moja ataka kuendelea. Ugomvi huo mmeutengeneza wenyewe kwenye ratiba.

Dawa yake rahisi. Chezeni dakika 35 kila kipindi na mapumziko ya dakika 10. Jumla ni dakika 80. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi mmemaliza, mtu anawe miguu, atie udhu kwa nafasi yake. Na msione mmeuharibu mpira. Sheria za soka zenyewe zaruhusu mashindano ya mtaani na ya wakongwe, kwa idhini ya shirikisho, kupunguza muda, kupunguza uwanja, na hata mchezaji aliyetolewa kupumzika kurudi tena uwanjani. Hilo la mwisho kwetu ni rehema. Mtu wa miaka 42 acheza dakika 20, atoka apumue, arudi. Wekeni na kanuni kwamba kila aliyefika na amesajiliwa lazima aingie. Mtu asitoke nyumbani kwake kila Jumamosi kuja kukalia benchi.

PESA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa ndipo ligi nyingi hufa, na si lazima awepo mwizi. Pesa zikikosa kuandikwa, hata mwaminifu huonekana mwizi.

Nawapa mfano, na bei mtaziweka zenu mkishauliza sokoni. Tuseme waamuzi watatu wa mechi moja ni shilingi 1,500. Mara 28, ni 42,000. Uwanja na usafi wake 500 kila mechi, ni 14,000. Mipira minne ya 2,500, ni 10,000. Chokaa na nyavu 8,000. Sanduku la huduma ya kwanza, barafu na maji 6,000. Jumla 80,000. Gawanya kwa timu 8, kila timu yatoa 10,000. Timu ina wachezaji 20, basi kila mtu ni shilingi 500 kwa msimu mzima. Nani hapa hana 500 kwa miezi miwili? Na asiyekuwa nayo kweli, kapteni wake amjua, atalipiwa kimya kimya.

Mmeona? Hatukumhitaji mheshimiwa yeyote. Uchaguzi ukikaribia jezi huja bure, na uchaguzi ukipita hata chokaa haipatikani. Akija mfadhili tumkaribishe, lakini ligi isisimame juu ya mguu wa mtu mmoja.

Tena ongezeni amana: kila timu iweke 2,000 mbali na ada. Hii si ya matumizi. Mwisho wa msimu yarudi yote kwa timu iliyotimiza mechi zake. Isiyotokea uwanjani bila ya taarifa, yakatwa 1,000. Mara ya pili yaisha. Pesa zote zipite M-Pesa au akaunti ya kikundi, si mfukoni mwa mtu, na watu wawili waidhinishe kila matumizi. Kila mwezi mweka hazina abandike karatasi: kimeingia hiki, kimetoka hiki, kimebaki hiki. Na kikundi kisajiliwe. Iko sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022, na michezo pamoja na viwanja ni kazi ya serikali ya kaunti tangu Katiba ya 2010. Mkienda kuomba uwanja na cheti mkononi hamtarudishwa kama wahuni.

Na zawadi? Iwe ndogo. Kombe, medali, na chakula cha pamoja ambacho timu zote nane zitakaa sinia moja. Zawadi kubwa katika mpira wa starehe huleta mamluki. Wiki ya mwisho utaona sura usizozijua, mtu kaja na pikipiki kutoka mtaa wa mbali, ati naye ni wa mtaa huu.

TIMU NA WACHEZAJI

Msiziache timu zijiunde kwa marafiki peke yake. Wakali watakwenda pamoja, na timu ya mwisho itafungwa tisa, tisa, tisa. Timu iliyofungwa tisa mara tatu haiji mara ya nne. Hilo si suala la moyo mdogo, ni ubinadamu. Mtu kachoka wiki nzima, hawezi kuja kudhalilishwa mbele ya wanawe. Wagawanyeni makapteni nane, kisha kila mmoja achague kwa zamu, wa mwisho raundi ya kwanza awe wa kwanza raundi ya pili. Timu zikilingana, ligi itakuwa na utamu mpaka wiki ya saba.

Kila mchezaji asajiliwe kwa jina, picha na kitambulisho, timu moja tu. Usajili ufungwe baada ya raundi ya tatu, usifunguliwe hata kwa mtoto wa mwenyekiti.

Sasa, timu ikijitoa katikati? Itatokea. Ikiwa hamjaandika, kila mmoja atavuta upande unaomfaa. Aliyeifunga atasema pointi zangu zibaki; aliyefungwa nayo atasema zifutwe. Andikeni kabla ya mechi ya kwanza. Timu iliyojitoa kabla ya kucheza mechi nne, matokeo yake yote yafutwe, ihesabiwe haikuwepo. Ikiwa imeshacheza nne au zaidi, yaliyopita yabaki, na waliosalia kila mmoja apewe ushindi wa bwerere wa 3-0. Mwaweza kuchagua njia nyingine. La muhimu ni kuichagua Juni, wakati hakuna ajuaye itamuumiza nani.

Vivyo hivyo pointi. Ushindi tatu, sare moja. Uingereza walianza hesabu hiyo 1981, Kombe la Dunia likafuata 1994, ili timu zisikae zikatafuta sare. Wakilingana pointi, twatazama tofauti ya mabao kwanza, au matokeo baina ya wao wawili? Andikeni. Timu ikichelewa, yangojwa dakika ngapi? Mimi nasema 15. Na wachache kabisa wa kuanzia mchezo ni saba. Chini ya hapo sheria haikubali.

Malalamiko yaje kwa maandishi ndani ya siku mbili, kwa watu watatu wasiocheza na wasiokuwa na timu: mzee mmoja, mwalimu mmoja, na mmoja ambaye amewahi kuwa refa. Wakishaamua, imekwisha. Haiendi kwenye kundi la WhatsApp usiku wa manane.

MWAMUZI

Hapa nitasema kwa uchungu. Mwamuzi ni mtu tuliyemwita sisi wenyewe. Twampa kipenga, halafu twamtukania mamake mbele ya watoto wetu. Mwajua, kadi za manjano na nyekundu zilianza Kombe la Dunia la 1970 kwa sababu wachezaji wa lugha mbalimbali walikuwa hawaelewi refa amesema nini. Sisi hapa lugha ni moja, twaelewana vizuri sana, na ndio tabu yenyewe.

Msimpe urefa ndugu ya mchezaji kwa kubana matumizi. Chukueni waamuzi waliosomea, wa mitaa mingine, na mlipwe kabla ya mpira kuanza, kutoka kwa mweka hazina. Asilipwe na kapteni, na asingojeshwe mpaka mwisho. Refa anayengoja pesa kutoka kwa timu iliyofungwa, mmemuweka mahali pabaya.

Na kuna kanuni nzuri kwa ligi kama hizi. Anayembishia refa hutolewa nje kwa muda, kisha arudi. Uingereza waliiweka katika ligi zao zote za mtaani mwaka 2019: mechi ya dakika 90, mtu akaa nje dakika 10. Yetu ya dakika 70 za mchezo, saba zatosha. Timu yacheza pungufu, wenziwe ndio watakaomwambia akae kimya. Kwa mtu mzima hiyo yauma kuliko faini. Lakini atakayemgusa mwamuzi kwa mkono, huyo msimu wake umekwisha, awe nani.

AFYA

Mtu wa miaka 38 aliyekaa kwenye kiti miaka kumi, akaingia uwanjani akakimbia kama wa miaka 18, huyo ajitafutia. Kila mchezaji afanye mazoezi ya kupasha mwili moto. Uko utaratibu wa FIFA uitwao 11+, kama dakika 20, hauhitaji vifaa, na utafiti umeonyesha wapunguza majeraha. Vilinda ugoko ni lazima kisheria. Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa atoke, na siku hiyo asirudi hata akisema "niko sawa".

Na moyo. Tarehe 26 Juni 2003 huko Lyon, Marc-Vivien Foé wa Kameruni, kijana wa miaka 28, alianguka uwanjani hakuna aliyemgusa, akafariki. Tarehe 12 Juni 2021 huko Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark naye akaanguka vivyo hivyo. Huyu alifanyiwa msukumo wa kifua palepale, wakatumia mashine ya kushtua moyo, akaamka, na mwaka uliofuata akarudi kucheza. Umri na mauti yako kwa Mola, lakini kujifunza sababu ni juu yetu. Kila timu itoe watu wawili wajifunze huduma ya kwanza; Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hufundisha. Kusukuma kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kusimama mpaka msaada ufike. Na gari moja liwe karibu na uwanja, dereva ajulikane kwa jina. Mliovuka miaka 35, pimeni presha na sukari kabla ya Juni. Na bima ya SHA iwe imelipwa, isiwe tu umejisajili.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Maswali kidogo, kisha tuombe dua.

MASWALI NA MAJIBU

Kijana mmoja aliuliza: Ami, kwa nini kila timu isiweke shilingi 5,000 na bingwa azichukue zote? Watu watacheza kwa moyo.

Jibu: Mwanangu, wacheza wote wakiweka pesa na mmoja akazibeba, wanazuoni wengi huihesabu hiyo ni kamari, na sheikh yuko hapa utamuuliza kwa urefu. Ndiyo maana nimetenganisha. Ada ni gharama ya uwanja na waamuzi, yatumika yote. Amana yarudi kwa mwenyewe. Zawadi itoke kwa mtu wa nje asiyecheza. Na kampuni ya kubashiri ikija na jezi, ishukuruni iende zake. Tunawakataza watoto wetu kubashiri, hatuwezi kuwavalia jina lake kifuani.

Mama mmoja aliuliza: Mimi mume wangu Jumamosi na Jumapili ndiyo siku nimuonayo. Sasa mwamchukua?

Jibu: Mama, swali lako ni la maana kuliko yote ya usiku huu, kwa sababu ligi nyingi huvunjwa na nyumba, si na uwanja. Katika ratiba hii kila timu yacheza mechi moja kwa wiki: dakika 80, na tuseme na kwenda na kurudi ni saa tatu. Ratiba ya wiki zote utaiona mapema, uibandike jikoni. Akikwambia ana mechi siku ambayo haimo, wewe ndiwe utakayetupigia simu. (Kicheko.) Na uwanja una kivuli upande wa mwembe, njooni na watoto, tutaweka mikeka.

Mzee mmoja aliuliza: Na sisi tusioweza kukimbia?

Jibu: Mzee wangu, nyinyi ndio kamati ya malalamiko. Tena asiyekubali kushindwa si mshindani, na neno hilo likitoka kwenu litasikika kuliko likitoka kwangu.

Wanaotaka kuwa makapteni waandikishe majina kwa katibu kabla ya kumi la mwisho, ili siku zile mtu ashughulike na ibada yake. Mkutano wa kwanza wa kamati utakuwa Jumapili ya pili baada ya Idi, Inshallah, na kila kapteni aje na daftari.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, atuunganishe nyoyo, na atufikishe Juni tukiwa wazima. Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.